Mkwaruzo kwenye Mshale wa Kushoto

Kuna watu wakipewa zawadi husema asante. Mkaguzi akipewa zawadi huigeuza kwanza aone chini yake kuna nini. Hakuzaliwa hivyo, kazi ndiyo iliyomfinyanga. Alikuwa msoma mita wa maji, na mtu aliyeingia nyua za watu miaka mingi na tochi mkononi huona mengi: bomba la wizi lililopitishwa nyuma ya chungu cha maua, mita iliyofunikwa gunia ikageuzwa kiti, bibi mcheshi anayekung'ang'aniza chai ili usifike uani. Mvi za kwanza zilimkuta hamwamini tena mtu anayecheka kabla hajachekeshwa. Jina la Mkaguzi walimpa wenzake kazini, likamganda, na hata mkewe akikasirika humwita hilohilo.

Nje ya mita alikuwa na penzi moja tu, nalo lilimshangaza kila aliyemjua. Alipenda mashine za gemu za mkononi, zile ndogo za bei rahisi zinazochezesha gemu za zamani, za enzi ambayo shujaa alikuwa vimraba vichache vya rangi na muziki ulikuwa mlio wa nyuki ndani ya kopo. Alikuwa nazo kabati zima pale sebuleni, zimepangwa kama vikombe vya wageni. Wala hakuzicheza tu kama wengine wanavyocheza. Alizikagua. Alizungusha dole gumba juu ya mishale minne akisikiliza kama plastiki inalia. Alitazama kama mpira unaoruka kwenye kioo unaacha ukungu nyuma yake. Alipandisha sauti mpaka mwisho, akaweka sikio kwenye spika asikie inakwaruza wapi. Boksi likijisifu kwamba ndani mna gemu elfu kumi, alizipekua moja moja mpaka akathibitisha ni zilezile chache zilizobadilishwa majina kama wakwepa kodi.

Mashine hizo alizipata kwa Dada Chaji. Huyu alikuwa na kibanda katika ukumbi mrefu wa maduka madogo, kati ya duka la fotokopi na fundi saa, na jina lake lilitokana na alivyoanza: zamani aliwachajia watu simu kwa nyaya zilizosukana mpaka mwenyewe tu ndiye aliyejua ipi inakwenda wapi. Siku hizi aliagiza mashine za gemu. Aina mpya ikiingia, boksi la kwanza alimpa Mkaguzi akalikague, kwa sababu wanunuzi, ambao walikuwa na kundi lao kwenye simu, hawakufungua pochi kabla Mkaguzi hajasema neno. Akisema "chukueni," kibanda kilijaa. Akisema "achaneni nayo," Dada Chaji aliagiza nyingine bila kinyongo. Walishakuwa ndugu. Alimwita Mkaguzi kaka, na mke wa Mkaguzi alimwita wifi na kumtania kiwifi hasa.

Ukaguzi huo ulikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kamwe, nayo aliiita kulaza. Boksi likifika, alikata utepe, akaitoa mashine ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaupenyeza waya wa chaji bila hata kuikodolea macho, na ilipojaa akairudisha mfukoni na kuilaza kabatini juma zima. Betri ya kweli ikilala imeshiba, huamka imeshiba. Betri ya uongo huamka na njaa. Na kwa nini hakuitazama kwanza? "Jicho la kwanza ni jicho la bwana harusi," alipenda kusema, "linaona uzuri tupu. Mimi naanza na betri. Sura baadaye." Wanakundi waliipenda sana kauli hiyo, na wengine waliirudia kama vile wameitunga wao.

Kabati halikuwa na kufuli. Liwe nalo la nini? Nyumbani walikuwa watu watatu. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alishinda na watoto wa watu tangu asubuhi na hakutaka kuona kitu kingine chochote kinacholia lia. Wa tatu alikuwa baba mkwe, seremala mstaafu, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Mzee huyo alikwisha kutoa hukumu yake siku ya kwanza tu alipoliona kabati. "Mtu mzima," alisema akimtazama bintiye na si mkwewe, "mwenye mke na mshahara, anafinya vidude." Mkaguzi aliinamisha kichwa akanyamaza, maana baba mkwe hajibiwi. Tangu siku ile mzee akipita mbele ya kabati aligeuza uso kama anayepita mbele ya baa.

Balaa lilianza na mashine ya kijivu. Mkaguzi aliilaza kama kawaida, juma likaisha, akaitoa mfukoni, akaiwasha, na betri ikawa nusu. Akaguna. Akautazama mfuko: gundi ya mdomo wake haikushika tena. Akaipeleka mashine dirishani, na pale kwenye mshale wa kushoto akaona mkwaruzo. Ulikuwa mwembamba, umejipinda, umechimbwa na kitu kigumu kilichopita palepale mara nyingi. Mishale mingine mitatu ilikuwa safi. Akafungua orodha ya gemu zilizochezwa karibuni, akakuta moja tu: ile ya vipande vinavyodondoka kutoka juu, nawe unavigeuza na kuvipanga chini vikae bila pengo. Rekodi ya alama ilikuwa kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka yote ile, hajapata hata kuisogelea.

"Hii imechezwa," alisema peke yake sebuleni. Moyo ukamwenda mbio, na, tuseme ukweli, haukuwa wa huzuni. Ulikuwa moyo wa msoma mita aliyeona bomba la pili.

Hata hivyo alijizuia. Mashine moja huenda ni bahati mbaya. Akamwomba Dada Chaji nyingine, akapewa ya bluu, akailaza. Juma likaisha. Betri robo. Mshale wa kushoto, mkwaruzo uleule, pinda lilelile. Gemu ileile. Rekodi imezidi ya kwanza.

Usiku ule usingizi haukumjia. Akajenga hesabu yake polepole, kama alivyozijenga za wezi wa maji. Kuna mtu pale kibandani anachezea mashine kabla hazijauzwa. Mtu huyohuyo, kwa kidole hichohicho. Ama Dada Chaji anazikodisha kwa wapita njia, kisha anazifuta, anazirudisha kwenye mifuko, anazibandika utepe na kuziuza kama mpya. Na akawaza tena: kwa nini amenipa mimi boksi la kwanza miaka yote hii? Ili nikisema ndiyo, nani atauliza tena? Akaona amegeuzwa pazia la dirisha la mtu. Iliuma.

Akaenda kibandani. Hakuuliza moja kwa moja, maana ukimuuliza mwizi wa maji leo, kesho bomba limeng'olewa na ukuta umepakwa rangi.

"Dada, haya maboksi huwa yanapitia wapi kabla ya kunifikia?"

"Yapitie wapi? Yanatoka kwenye katoni, yanakuja kwako."

"Moja kwa moja?"

"Kaka, leo umeamkia ubavu gani?" Dada Chaji akacheka. Mkaguzi akalihifadhi cheko lile, kwa sababu yeye hakuona kilichochekesha.

Kisha akaona nyuma ya pazia la kibanda katoni kubwa, mpya, ambayo Dada Chaji aliisukuma ndani kwa mguu ili mteja asijikwae. Mkaguzi hakuona mtu anayemwondolea mteja kikwazo. Aliona mtu anayeficha.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ndiyo nilitaka kukwambia. Ni hizohizo ulizonazo, za kijivu na za bluu. Safari hii nimejitosa mzimamzima, kaka. Kila nilichokuwa nacho kimo humo. Sasa nakusubiri wewe tu useme neno lako."

Masikio ya mtu mwingine yangesikia dada anayemwamini kaka yake. Ya Mkaguzi yalisikia shinikizo. Akaaga bila kunywa soda aliyofunguliwa, na Dada Chaji akabaki ameishika ile chupa, hajui ameudhi nini.

Alipofika tu nyumbani akafungua kundi, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema kwa sauti yake ya kazini. "Ndugu zangu, nasikitika. Nimekagua mbili, zote zimetumika. Betri zimechoka, vitufe vimekwaruzwa. Picha hizi hapa za mikwaruzo, na hizi za rekodi, mjionee wenyewe mtu alivyoshinda humo. Mimi simtaji mtu. Ila tumezoea kuogopa wa mbali, na kikulacho ki nguoni mwako." Akatuma. Kusema hamtaji mtu ilikuwa mzaha, kwa kuwa muuzaji alikuwa mmoja tu.

Kundi likawaka. Siku zilizofuata watu walipanga foleni kibandani, si ya kununua. Walirudisha maboksi ya aina zilizotangulia, wengine hata mashine walizonunua zamani, zenye makovu waliyozitia wenyewe kwa kuziangusha msalani. Kinyozi mmoja, mpiga kelele mkuu wa kundi, alisimama pale ukumbini akiwaambia wapita njia kwamba yeye alihisi tangu mwanzo. Wa aina hiyo hawakosekani.

Dada Chaji alipiga simu mara moja tu.

"Kaka, siku niliyokukabidhi, uliitazama?"

"Unajua huwa siitazami. Nailaza kwanza."

"Kwa hiyo hukuuona mkwaruzo siku ile."

"Sikutazama, nimekwambia."

"Basi umejuaje kwamba umetoka kwangu?"

"Utoke wapi tena? Kwangu hakuna anayezigusa."

Upande wa pili ikasikika mashine ya jirani wa fotokopi ikitema karatasi. "Sawa, kaka," akasema, akakata. Mkaguzi alijiambia kwamba wezi wote huuliza maswali mazuri. Lakini swali lenyewe halikuondoka. Lilimfuata kazini, likawa linamuuliza kwenye kila mita aliyoiinamia: uliitazama?

Jioni moja walikuwa mezani. Mashine ya kijivu ilikuwa imekwisha kurudishwa. Ya bluu ilibaki kabatini kama kielelezo. Mzee alikunywa chai yake kwa muda, kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie, akaulizia kabati.

"Kile kidude cha kijivu kimekwenda wapi?"

"Nimekirudisha, baba. Kilikuwa kibovu."

"Kibovu?" Mzee akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Hakikuwa kibo..." Akakohoa. Akaurudia mkate wake. "Nasema, hakikuonekana kibovu. Kwa anayepita tu."

"Umeanza lini kuvitazama, baba?" mkewe Mkaguzi akauliza, akitabasamu.

"Mimi? Navitazamia nini?"

Mkaguzi, kwa heshima ya ukwe, alikuwa na desturi ya kuinamisha macho mbele ya mzee. Na macho yaliyoinama huangukia mikono. Dole gumba la mzee lilikuwa limeshika sikio la kikombe. Miaka mingi iliyopita msumeno ulilila kwenye ncha, na ukucha ulioota baadaye uliota vibaya: mnene, wa manjano, umepinda upande mmoja, mgumu kama pembe. Mkaguzi alikuwa amekula meza moja na ukucha ule muda wote huo. Aliyejua kuona bomba nyuma ya ua la jirani hakuwahi kutazama kikombe cha chai mezani kwake.

Ila mkaguzi hata akishajua hutaka ushahidi. Aliichaji ile ya bluu mpaka ikajaa, akairudisha kabatini, na kwa penseli akachora mstari mwembamba kwenye rafu pembeni yake, kama alivyowachorea mita wale aliowashuku. Kesho yake akapanga njia yake ya kazi ipite mtaani kwao. Adhuhuri akaingia uani kwake mwenyewe, amevaa fulana ya kazi, ameshika tochi, akanyata mpaka chini ya dirisha la sebule.

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miwani puani, ulimi umetokeza kidogo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Mashine ilikuwa mikononi. Dole gumba la kushoto lilikuwa linapiga, linapiga, na ukucha ulikwaruza kila lilipopiga. Na alikuwa anaongea.

"Geuka. Geuka, mpuuzi wewe. Hapo, lala hapo. Umeona? Ungekaa tangu mwanzo tusingegombana." Akacheka kwa furaha nzima, kicheko ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia kutoka kwake. "Haya, nani mwingine anakuja?"

Mkaguzi alisimama pale dirishani na aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Dada Chaji hakuwa ameiba kitu. Hakuwa amekodisha kitu. Alikuwa amempa mashine mpya, na yeye, mjuzi wa wajuzi, aliifungua, hakuitazama, akaiacha juma zima chini ya dole gumba la baba mkwe, kisha akamtangaza dada wa watu kuwa mwizi. Hakuingia ndani. Aliisoma mita yake mwenyewe, kwa mazoea tu, akatoka akinyata.

Sasa maji yalikwisha kumwagika. Alirekodi ujumbe mwingine: "Ndugu zangu, nilikosea. Mikwaruzo ile haikutoka kwa Dada Chaji. Mashine zake ni mpya. Naomba radhi kwake na kwenu."

Majibu yalikuja kwa haraka. Mmoja akauliza ilitoka wapi basi. Mkaguzi akaandika: mambo ya nyumbani. Angesema nini? Angemtangaza baba wa mkewe, mzee wa watu, kwamba hujificha mchana akifinya vidude alivyovitukana mbele ya wote? Kinyozi hakumpa nafasi. "Keshapozwa koo huyo," akasema kwa sauti iliyojaa raha. "Juzi mwizi, leo malaika. Mbona hatuambii alipewa nini? Si alisema mwenyewe kikulacho ki nguoni mwako?" Mwingine akaongeza: "Mkaguzi anakaguliwa na nani?" Wakacheka kwa vikatuni vya kulia machozi. Aliwafundisha kutomwamini mtu, nao walikuwa wanafunzi wazuri.

Akaenda kibandani. Dada Chaji alikuwa anashusha bango lake. Ile katoni kubwa ilikuwa palepale, haijakatwa utepe.

"Nimesikia ujumbe wako," akasema bila kumtazama. "Asante. Umeniharibia zaidi. Sasa mimi ni mwizi na ni mhongaji."

"Dada, nakuapia, najua ulikotoka ule mkwaruzo."

"Basi nenda ukaseme. Sema ni nani."

Mkaguzi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Unaona?" Dada Chaji akasema. "Mimi ulinitaja bila kunitaja, na ulikuwa hujui. Huyo unamjua, na humtaji." Akaendelea kufungua kamba za bango. Mkaguzi alitaka kumsaidia kushika upande wa pili, akaona hana uso wa kufanya hivyo.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni akimenya viazi, akamweleza yote kwa kunong'ona. Kwanza mkewe alicheka mpaka akashika meza. "Baba yangu? Yule yule? Ndiyo maana siku hizi ananiharakisha niende kazini!" Halafu kicheko kikakatika. "Ngoja. Na wifi?"

"Anafunga kibanda."

"Anafunga, na wewe uko hapa jikoni unaninong'oneza?" Akaweka kisu chini. "Usinitazame hivyo, nikuonee huruma ya nini? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila wifi hakujichoma, umemchoma wewe. Kwa hiyo aungue yeye ili heshima ya baba ikae salama? Nani alikutuma?"

"Ni baba yako!"

"Ndiyo, ni baba yangu, na baba yangu hakunilea hivyo."

Kikohozi kikasikika mlangoni. Mzee alikuwa amesimama pale na mashine ya bluu mkononi, hajaificha. Mkaguzi aliinamisha macho kwa nguvu za mazoea.

"Inua uso, mwanangu," mzee akasema. "Leo mwenye kuinama ni mimi." Akavuta kiti akakaa. Akasema, akiiambia mashine zaidi kuliko wao. "Niliitoa ile ya kijivu siku moja ili niicheke, maana nyingine zote hazikuwa na chaji. Nikaona vipande vinashuka. Hiki kina jino, kile kina pengo. Nikasema, hiki si kinaingia hapa? Kikaingia." Akalipapasa lile dole gumba. "Tangu mikono ikatae randa, sijaunga kitu kikakaa. Na tangu mama yenu aondoke, nyumba mchana ni ndefu. Nilishavitukana. Ningeviombaje?"

Mkewe Mkaguzi alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye maganda ya viazi.

"Nileteeni koti," mzee akasema. "Twende kwa huyo dada sasa hivi, kabla sijarudiwa na akili."

Ukumbi wa maduka ulikuwa umejaa, watu wametoka kazini. Kinyozi na wenzake walikuwa mbele ya kibanda wakidai kurudishiwa pesa zao. Mzee aliwapenya, amevaa koti lake la sherehe lililofungwa vifungo vyote, akamsalimu Dada Chaji, akaomba stuli. Akanyanyua dole gumba juu watu wauone.

"Mkwaruzo mnaoupigia kelele ni wa huu ukucha. Mashine zilifika nyumbani kwa mwanangu zikiwa mpya. Nilizichezea kwa siri, yeye hajui. Huyu dada hana kosa."

Watu wakatazamana. Kinyozi akacheka. "Na mzee naye amepozwa ngapi?"

Mzee alivaa miwani, akawasha ile ya bluu, akaanza. Mwanzoni walimtazama kwa kejeli. Vipande vilishuka polepole, akavipanga. Vikaongeza kasi, akavipanga. Ulimi ukatokeza. "Lala hapo," alinong'ona, "usinisumbue mbele za watu." Fundi saa akatoka kibandani mwake na kijilenzi chake jichoni. Wa fotokopi akaiacha mashine yake inatema karatasi chini. Ukucha ulikuwa unakwaruza, kwaru, kwaru, na kila mtu alisikia. Kijana mmoja wa kundi akatoa simu, akatafuta ile picha ya rekodi ambayo Mkaguzi aliisambaza kama ushahidi, ile ambayo kila mmoja wao alijaribu kuifikia nyumbani akashindwa, akaiweka karibu na kioo. Alama za mzee zikaifikia. Zikaipita. Zikaendelea kupanda.

Kinyozi aliyekuwa ameegemea meza akajisimamisha vizuri. "Shikamoo, mzee," akasema taratibu.

"Marahaba. Usinisemeshe, nitakosea."

Walipomaliza kupiga makofi, wa kwanza kulichukua tena boksi alilolirudisha alikuwa kinyozi, akajifanya alikuja kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Dada Chaji aliifuta meza, akalikunjua bango akalitundika tena upande mmoja, kisha akaivuta ile katoni kubwa mbele ya watu wote na kuikata utepe. Akatoa boksi la kwanza kabisa.

Mkaguzi alikuwa amesimama karibu naye, na mkono wake ukanyooka wenyewe kulipokea, kama ulivyonyooka miaka yote.

Dada Chaji akaupita ule mkono. "Baba," akamwambia mzee, akimpa kwa mikono miwili, "naomba unikagulie."

Mzee alikata utepe kwa ule ukucha. Akaitoa mashine ndani ya mfuko wake wa nailoni, akampa Mkaguzi boksi tupu alishike, akainuka na kwenda kwenye mwanga. Akaigeuza mbele, nyuma, ubavu kwa ubavu, jicho moja amelifumba, kama mtu anayechagua mbao.

"Kwanza tuitazame," akasema.

Mkaguzi alilishika boksi tupu kwa mikono yote miwili.